Viti vya Kilomita Tisa

Binti yangu mkubwa aliniambia kwamba huku si mahali pa kukaa mtu, na aliniambia maneno hayo akiwa amekaa. Nataka hilo lijulikane kwanza, kabla sijaingia katika mengine, maana mimi nikifungua kinywa napotea njia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu mwenyewe, kiti cha kekele, ile kamba ngumu ya msituni, nilichokisuka kwa mikono hii. Amekiegemeza ukutani upande wa kivuli, sahani ya lituma iko magotini, mguu mmoja umepandishwa juu ya mwenzake, anatafuna zile ndizi za kutwanga kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote. Akameza, akasema:

"Papa, huku haiko fasi ya kuikala mutu."

Nikamwuliza, "Na sasa hivi uko unafanya nini?"

"Niko nakula."

"Unakula umeikala ao umesimama?"

"Papa, usianze."

Mimi nilikuwa nimekwisha anza.

Kwetu Kisangani neno ni hilo moja. Mtu anaikala kwenye kiti, anaikala kwenye mtaa, anaikala na mke wake mpaka kifo kiwatenganishe. Hata Kiswahili cha vitabu, nasikia, kinasema kukaa na kukaa, hakitofautishi. Sasa mimi ni fundi wa viti tangu sijaota ndevu. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza, lakini viti navijua. Ukiniuliza kama mahali ni pazuri pa kuikala, umeniuliza jambo la kazi yangu. Ni kama kumwuliza mvuvi wa kule kwenye maporomoko kama samaki huyu ni wa leo ao wa jana. Hatakupa jibu la karatasi. Atakifungua kichwa cha samaki, atakuonyesha.

Mtaa wetu hauna jina la maana. Uko kando ya barabara ya kwenda Bangboka, ulipo uwanja wa ndege, na watu wa mjini wanauita kwa kilomita: kilomita tisa. Ukimwambia mtu wa pikipiki akupeleke kilomita tisa, haangalii mfuko wako, anaangalia mawingu. Akiona jeusi lolote upande wa mto anakwambia pikipiki yake ni mgonjwa. Ndege ikija kutua inapita juu yetu chini kabisa, na kuku wote wanakimbilia chini ya vitanda wakidhani ni mwewe. Miaka yote hiyo hawajajifunza. Ninawapenda kwa hilo.

Siku ile ya lituma binti yangu hakuja mikono mitupu. Alikuja na karatasi aliyoandika mume wake. Huyo mkwe wangu ni mtu wa ofisi, na si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana kalamu tatu kwenye mfuko wa shati na zote tatu zinaandika. Alikuwa amepiga mistari, upande mmoja mambo, upande wa pili ndiyo na hapana. Maji ya bomba: hapana. Umeme: hapana. Barabara: hapana. Shule yenye mabenchi: hapana. Zahanati: hapana. Utulivu: hapana, halafu kwenye mabano akaandika lotoko, kwa sababu jirani yangu mjane anapika ile pombe kali ya mahindi na mihogo na moshi wake unaingia mpaka kwenye sosi yako.

Binti alinisomea mstari kwa mstari. Sikukataa hata mmoja. Ni kweli maji tunachota kwenye chemchemi kule bondeni, na mlima wa kurudi ni mkali, na kwenye foleni wanawake wanatukanana matusi ambayo mimi mzee nayasikia kwa mara ya kwanza. Umeme walituletea nguzo. Waya hawakuleta. Nguzo zimesimama kama wageni ambao hakuna aliyewakaribisha. Mvua ikinyesha barabara inakuwa mto, na mto huo unapita jikoni kwa watu. Kuna kanisa lina spika kubwa kuliko paa lake. Na mwizi yuko, nisiwadanganye. Mbuzi wangu wawili walikwenda na hawakurudi, na ninamshuku mtu ambaye mpaka leo ananisalimia vizuri.

"Bon," binti akasema, "unaona mwenyewe. Hapana, hapana, hapana. Iko ndiyo wapi?"

"Haiko."

"Alors?"

"Alors karatasi ya bwana yako haina mustari wa viti."

Akaangalia juu, akamwuliza Mungu kitu fulani kimya kimya.

Hapo lazima nirudi nyuma, na mtanisamehe, maana bila hilo hamtaelewa ubishi wangu.

Tulipohamia huku, mimi na marehemu mke wangu, tulikuwa tumefukuzwa. Ndugu zangu waliuza nyumba ya baba wakati mimi niko msituni natafuta kekele. Nikarudi nikakuta watu wengine wanafua nguo uwanjani kwetu. Tulipakia vyombo kwenye mkokoteni, tukasukuma tangu asubuhi, mke wangu nyuma na tumbo lake la miezi minane, na ndani ya tumbo hilo alikuwamo huyu huyu wa karatasi. Tulipoiacha barabara kubwa na kuingia huku, gurudumu likazama. Mke wangu akasimama tu, mkono kiunoni, jasho linamtoka puani. Hatukumjua mtu.

Mwanamke mmoja alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, ndani ya lupango lake, yaani kiwanja chake. Aliacha mchi ndani ya kinu, akaingia nyumbani, akatoka na kiti kimoja. Akakiweka kando ya njia, mbele ya mke wangu, akasema: "Mama aikale." Akarudi kutwanga. Hakuuliza tunatoka wapi, kabila gani, tunasali wapi, tuna nini kwenye mkokoteni. Alitwanga mpaka akamaliza, na mke wangu akaikala mpaka akapumua.

Kile kiti kilikuwa kibaya sana. Cha mbao za sanduku, kimepinda, kina msumari umetokeza nyuma. Mke wangu aliposimama kitenge chake kikapasuka kuanzia hapa mpaka hapa, na alicheka, na mimi siku ile nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nyumba iuzwe. Kazi yangu ya kwanza kwenye mtaa huu ilikuwa kumtengenezea yule mwanamke kiti kingine. Naye, badala ya kukiweka ndani kama kitu kizuri, akakiacha pale pale njiani alipokuwa amemweka mke wangu. Jirani yake akaona, akataka na yeye. Polepole ikawa ndiyo desturi ya aveni yetu, njia hii yote: kila lupango lina kiti kimoja cha inje, kando ya njia, kisicho cha wenye nyumba. Anayetoka chemchemi na maji kichwani anakaa. Anayetoka shambani na kuni anakaa. Mlevi anakaa, mchungaji anakaa. Hakuna anayeomba ruhusa wala anayeaga.

Viti vyangu vina kasoro moja na nitaisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine. Mguu wa nyuma wa kushoto huwa mfupi. Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu kule Ubundu, ambako treni inaishia na mizigo inahamia kwenye maboti. Alinifundisha kuparua kekele, kuianika, kuikunja juu ya moto wa polepole, nene kwa miguu na mgongo, nyembamba ya kusukia. Alikuwa na jicho moja. Alipima kila kitu kichwa kimegeukia upande, na mimi mwenye macho mawili nikajifunza kupima vile vile. Mpaka leo nikinyoosha shingo nakosea zaidi. Donc, basi, kila mwenye kiti changu ana kijiwe cha kutia chini ya mguu huo. Watoto wa kilomita tisa wanazaliwa wanajua kijiwe kiko wapi.

Sasa turudi mjini, maana nimewahi kuikala mjini pia, nisije nikaambiwa nabisha nisichokijua. Mwaka jana goti langu lilivimba, binti akanichukua mwezi mzima nyumbani kwake. Nyumba nzuri. Vigae chini, geti la chuma, bomba ndani ya jiko. Lile bomba nililipenda, sitasema uongo. Nilikuwa nalifungua nisikilize tu, mpaka binti akaniambia, "Papa, maji haiko redio." Viti vya plastiki walikuwa navyo kumi na viwili, vimepandana kwenye chumba cha mizigo kama sahani. Vinashushwa mgeni akija, na mgeni anakuja akiwa amepiga simu kwanza.

Siku ya tano nikateremsha kimoja, nikakitoa inje ya geti, nikakaa kivulini kuangalia watu. Mlinzi wa geti akatoka mbio.

"Papa, hapa hatuikale inje."

"Juu ya nini?"

"Batu watafikiri uko unaomba."

"Nitaomba nini, na niko na tumbo la wali?"

"Papa, mimi ninakuambia tu."

Akaingia ndani. Haikupita muda, mama mmoja aliyevaa viatu virefu akapita, akanitazama, akafungua mfuko wake, akaniwekea nusu ya mkate magotini. Akasema, "Mungu akusaidie, papa," akaenda. Mkate ulikuwa wa leo, una siagi. Nikaula. Binti yangu aliporudi kazini na mlinzi akamwambia, alilia kwa aibu, kisha akacheka, kisha akalia tena. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: katika siku tano mtu wa kwanza wa mtaa ule kunisemesha alidhani mimi ni maskini. Goti lilipopungua nikapanda baiskeli ya kukodi, nikarudi kilomita tisa nikiwa nimeshika kiuno cha mwendeshaji kama bibi harusi.

Kwa hiyo siku ile ya karatasi nilijua ninachobishia. Na nilijua pia kwamba safari hii si maneno ya kupitisha muda. Binti alinieleza yote. Walikuwa wamempata mtu anayelitaka lupango langu, mtu mwenye haraka. Goti litavimba tena, alisema, na mlima wa chemchemi hautapungua. Nikikubali, mtu huyo anachukua mahali hapa, na mimi nakwenda kukaa nyuma ya lile geti mpaka mwisho wangu. Ni mtoto anayempenda baba yake. Watoto wa namna hiyo ndio wagumu kushindana nao.

"Unasema habari ya zamani," akaniambia. "Ule mama wa kiti alikufa. Sasa huku kumejaa wageni, batu ya Maniema, ya Kivu, ya wapi na wapi. Hakuna mutu anakujua. Weye mwenyewe tu unajiambia."

Hilo liliniuma kuliko mistari yote ya mume wake. Nikatupa neno bila kulipima.

"Kuya Alhamisi asubuhi. Shuka kwenye barabara kubwa na basani kichwani, vaa kitenge cha kazi, fanya kama muchuuzi. Mimi nitakuwa nyuma yako mbali. Tembea mpaka hapa kwangu. Kama hakuna mutu atakupa kiti, mimi mwenyewe nitatoa vitu vyangu inje."

Akaacha kutafuna. "Kiti?"

"Kiti."

"Kiti ya kweli ya kuikala? Haiko maneno?"

"Kiti ya kweli. Iko na miguu ine."

Mkwe, alipoambiwa, hakucheka. Alitoa kalamu, akaandika chini ya ile karatasi: kiti, angalau kimoja, kabla ya kufika nyumbani. Akanipa nitie sahihi. Nikaandika jina langu lote, herufi kubwa, polepole, na nikafurahi kama mjinga.

Nasema mjinga kwa sababu hii. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo watu walianza kuniletea viti. Huyu kambakamba zimekatika, huyu mguu umelegea, huyu mgongo umefunguka. Mpaka Jumatano jioni nilikuwa nimefunga viti vyote vya aveni yetu na vingine vya aveni ya pili. Mtu mwenye akili angeuliza: kwa nini wote, wiki hii? Mimi nilijiambia watu wamegundua tena thamani ya kazi nzuri. Nilipiga hata mluzi. Vidole vilitoka damu na mimi napiga mluzi.

Alhamisi nilitoka giza bado kumngoja binti kwenye barabara kubwa, na jua lilikuwa limekwisha panda alipofika. Akashuka kwenye pikipiki, basani la ndizi kichwani, kitenge cha marehemu mama yake kiunoni. Mumewe alikuwa ametangulia kwangu na karatasi. Tukaanza, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma, namtazama kisigino.

Lupango la kwanza. Mahali pa kiti hapakuwa na kiti. Palikuwa na mashimo manne kwenye udongo, matatu marefu na moja fupi lenye kijiwe ndani.

Nikajiambia, labda kiko uani wanakausha. Mama mwenye nyumba akasimama mlangoni, akasema, "Jambo mama, pole na muzigo." Akatazama yale mashimo, akapiga makofi mara moja kama mtu aliyesahau kitu, akabaki hivyo.

Lupango la pili, mashimo manne. La tatu, mashimo manne. Wanawake wanasalimia, wanatazama chini, wanaona haya. Binti hakugeuka, lakini sauti yake nikaisikia.

"Papa, uko unaona?"

Nilikuwa naona. Nilifikiri, basi ni kweli, nimezeeka nikiwa najisimulia mwenyewe. Nilifikiri wote wameamua siku moja kuviingiza ndani, kama mjini. Niliona geti la chuma kabisa.

Tukafika kwa mjane wa lotoko. Yeye alikuwa ameinamia pipa lake, moshi machoni. Akapiga kelele: "Weye mama wa basani! Uko unakimbilia wapi na hiyo shingo? Simama, tua muzigo!" Akaja na bidon ya njano, ya lita ishirini, akailaza ubavu kwenye yale mashimo manne. "Ikala hapa. Ni ya maji, haiko ya lotoko, usiogope. Utanuka vizuri tu."

Binti akatua basani. Alikuwa amechoka kweli. Si rahisi mtu wa vigae kubeba ndizi. Akakaa. Kisha akauliza, taratibu, kama karani: "Mama, hauna kiti?"

"Kiti? Leo? Viti yote iko ku masomo, ku shule! Batoto ya mwaka ya sita bako nafanya mutihani. Inspekta alisema kila mutoto kiti yake, hakuna kubanana, hakuna kuikala chini. Na masomo haina benchi hata moja. Sasa tungefanya namna gani? Tulitoa yote." Akamtazama vizuri. "Eh! Si mutoto ya papa ya viti huyu? Kitenge ya mama yako hii! Unachuuza ndizi? Bwana yako amekufukuza?"

"Hajanifukuza."

"Sema tu, hapa hakuna mutu atakucheka. Tutacheka kesho." Kisha akaniona mimi nyuma, nimesimama katikati ya njia kama nguzo isiyo na waya. "Na papa mwenyewe! Papa, si weye njo ulifunga viti yote wiki hii? Haukujua ni ya nini?"

Nilikuwa nacheka na nilikuwa naona aibu, na goti linauma.

Binti akanyanyua kidole. "Bon. Lakini tuliandika kiti. Bidon haiko kiti."

Mjane akaweka mikono kiunoni. Hakujua habari ya karatasi, hakujua tunashindania nini, lakini ubishi akiupata hauachi. "Haiko kiti? Weye hapo juu yake umeikala ao umesimama?"

Binti yangu akaitazama bidon chini yake. Akanitazama mimi, kama mimi ndiye niliyempa yule mama maneno. Naapa sikumpa.

Tulipofika kwangu tulimkuta mkwe amesimama. Amesimama tangu afike, karatasi ameibana ukutani kwa kiganja, viatu vimejaa matope. Kiti changu cha inje nacho kilikuwa kimechukuliwa asubuhi nilipotoka. Ndani ya nyumba kilikuwamo kimoja tu, hakijasukwa, mifupa mitupu. Basi tukasimama wote watatu, nyumbani kwa fundi wa viti.

"Beau-père," mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma, "ulipewa kiti?"

Binti akajibu, "Bidon."

"Kwenye karatasi tuliandika kiti."

"Kweli," nikasema. "Miguu ine. Nimeshindwa."

Wakatazamana. Nadhani walijiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. Binti akalainika uso, akanishika mkono. "Papa, tutakusaidia kupakia. Polepole tu. Hata wiki ijayo."

"Siendi."

"Ulisema!"

"Nilisema."

"Ulitia sahihi!"

"Nilitia, na jina lote. Bwana, chukua kalamu, andika chini: papa alisema, papa alishindwa, papa amekataa. Nipe nitie sahihi tena."

Na yule mtu wa ofisi, Mungu ambariki, akaandika. Hakujua afanye nini kingine. Binti akaanza kunipigia kelele kwamba mimi si mtu wa neno, kwamba mama yake angekuwepo angeona aibu, kwamba shule ambayo haina hata benchi moja ndiyo sababu yenyewe ya kuondoka, je, hilo silioni? Ninaliona. Ni mstari wa nne kwenye karatasi: shule yenye mabenchi, hapana. Nikamwambia abaki na mstari wake, ni wa kweli, lakini asiniambie kwamba huku hakuna watu. Watu wa Maniema, wa Kivu, wa wapi na wapi, hawakuacha hata kigoda kimoja ndani. Nani alifanya hivyo nyuma ya geti lenu, na viti kumi na viwili vimelala chumbani? Nilisema kwa sauti kubwa mno. Kuku walikwenda chini ya kitanda na ndege haikuwepo.

Hapo tukasikia kelele bondeni, upande wa shule. Mtihani ulikuwa umekwisha. Watoto walipanda aveni viti vimepinduliwa vichwani, miguu juu, kwa hiyo kwa mbali huoni watoto, unaona viti vinatembea vyenyewe. Kwenye kila lupango kimoja kinateremka. Hakuna aliyekosea nyumba.

Msichana mmoja mwembamba akaingia kwetu, akakitua kiti changu kwenye mashimo yake. Akatutazama wakubwa watatu tumesimama jua kali, macho mekundu.

"Papa, kiti yako inatikisika," akaniambia. "Hesabu yangu yote imeandikwa inatembea."

"Si unajua fasi ya kijiwe?"

"Inspekta alikatala vijiwe. Alisema hakuna kitu chini ya kiti, ni kukopia. Tulitikisika mutihani mzima."

Akaenda zake, anacheza shingo. Binti yangu alikitazama kiti. Kisha akakikalia, kwa nguvu, kama mtu anayempiga mtu kofi. Mguu wake wa kushoto ukateremka wenyewe, ukapapasa nyuma bila yeye kutazama, ukakipata kijiwe, ukakisukuma chini ya ule mguu mfupi. Kiti kikatulia. Hakujua amefanya hivyo. Mimi niliona, na mume wake aliona.

"Hii haiesabike," akasema. "Imechelewa."

"Sikuomba uiesabu."

Kisha akauliza kama kuna lituma iliyobaki. Nikaingia kumtafutia.

Nilipotoka, mkwe alikuwa bado amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na mkewe haonyeshi dalili ya kukiachia. Nikamwambia aende kwa mjane aazime ile bidon. Akaenda. Tukamsikia akiomba kwa adabu, kwa Kifaransa kwanza, na tukamsikia mjane akimjibu kwamba bidon atampa, ila akitaka kuikalia airudishe kwanza na maji. Tukamwona anapita, karatasi ameikunja mfukoni nyuma ya kalamu tatu, bidon mkononi, anateremka bondeni kwa vile viatu.

"Ataanguka kule," binti akasema, mdomo umejaa.

"Wakati ya kupanda njo atachoka."

Alichelewa sana. Aliporudi shati lilikuwa limeloa upande mmoja na alikuwa anapumua vizuri kuliko nilivyotegemea. Lupango langu halikupewa mtu, na ile karatasi sijaiona tena. Maji bado yako bondeni, waya bado hawajaleta, na jana moshi wa lotoko uliingia kwenye sombe yangu. Siku ile sikumwuliza mkwe kitu. Ni yeye mwenyewe, akiwa ametua bidon, aliyesema bila kumtazama mkewe kwamba njiani, wakati wa kupanda, aliikala mara tatu.